Faili Yako Iko Kwenye Wingu: Utajuaje Kwamba Bado Ni Ile Ile?

Ukipakia faili kwenye hifadhi ya wingu, baada ya muda mfupi hutokea tiki ya kijani kando ya jina lake. Wengi huisoma tiki hiyo kama uthibitisho kwamba kila kitu ni salama, leo na hata miaka ijayo. Kumbe inasema jambo moja tu: programu imemaliza kutuma, na seva imejibu kuwa imepokea. Haisemi kama kilichopokelewa ndicho kilichokuwa kwenye diski yako. Haisemi kama utakikuta hivyo hivyo ukija kukichukua baada ya miaka mitatu. Wala haisemi kama kuna aliyekigusa katikati.

Kila moja ya hoja hizo ina njia yake ya kuhakikiwa, na njia hizo hazifanani. Nazieleza kwa kirefu kwa sababu kumbukumbu za wagonjwa, hati za mashamba, tasnifu na picha za wazazi waliokwisha kufariki sasa zinakaa kwenye mashine ambazo wenyewe hawataziona kamwe. Mwenye data anapaswa kuwa na uwezo wa kuhakiki mwenyewe, pasipo kutegemea neno la anayemtunzia. Na uwezo huo upo. Sehemu yake kubwa haina hata gharama.

Uharibifu usiopiga kelele

Diski ikifa kabisa, tatizo linajulikana papo hapo, na mtoa huduma mzuri ana nakala nyingine mahali pengine. Uharibifu wa kuogopwa ni ule wa kimya: biti moja inageuka kutoka 0 kuwa 1 na hakuna mashine inayolalamika. Faili inafunguka, jina ni lile lile, ukubwa ni ule ule, lakini ndani kuna kosa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN kilitoa ripoti ya kupitia upya faili 33,700 zenye jumla ya terabaiti 8.7 hivi. Faili 22 hazikulingana na zilivyokuwa zilipohifadhiwa, yaani karibu faili moja kati ya kila 1,500. Mwaka uliofuata ulichapishwa utafiti wa diski milioni 1.53 zilizofuatiliwa kwa miezi 41, uliokuta visa zaidi ya 400,000 vya vipande vya data visivyolingana na kumbukumbu zake za uhakiki. Wahusika ni wengi: programu ya ndani ya diski inayoandika mahali pasipostahili, kumbukumbu ya RAM iliyochoka, kadi ya mtandao yenye hitilafu, au kosa tu la mwandishi wa programu.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Amazon S3, huduma ya hifadhi ya wingu ya kampuni ya Amazon. Tarehe 20 Julai 2008 huduma hiyo ilikwama kwa saa kadhaa. Amazon wenyewe walieleza kilichotokea: seva zao hupashana habari kuhusu hali ya mfumo, na katika jumbe chache kati ya hizo biti moja ilikuwa imegeuka. Jumbe zilisomeka vizuri, ila habari zilizobeba hazikuwa za kweli, na zikaenea kutoka seva hadi seva. Data za wateja zilikuwa zikihakikiwa kila hatua kwa cheksamu za MD5, yaani namba fupi zinazokokotolewa kutoka kwenye data ili kugundua mabadiliko. Jumbe hizo za ndani hazikuwa na ulinzi huo. Kosa lilipitia penye njia pekee ambayo hakuna aliyekuwa akiihakiki, na ndivyo makosa ya aina hii yanavyopita karibu kila mara.

Pengine umewahi kusoma tangazo la huduma ya wingu likitaja uimara wa 99.999999999%. Tarakimu hiyo si ya uongo, lakini angalia inachohesabu: uwezekano wa kitu kilichokwisha kuhifadhiwa kupotea ndani ya mwaka kwa sababu ya hitilafu za mitambo. Haihesabu faili iliyofika ikiwa tayari imeharibika, nenosiri lililoibwa, wala folda uliyoifuta kwa bahati mbaya.

Heshi, na wakati wa kuichukua

Msingi wa uhakiki wote ni heshi. Ni hesabu inayomeza faili ya ukubwa wowote na kutoa namba yenye urefu usiobadilika. Inayotumika zaidi leo ni SHA-256, ambayo hutoa biti 256, kwa kawaida zikiandikwa kama herufi na tarakimu 64. Andika herufi tatu tu, abc, uzipitishe kwenye SHA-256: utapata namba inayoanza na ba7816bf na kuishia na f20015ad, kwenye kompyuta yoyote duniani. Badilisha herufi moja, na namba nzima inageuka kiasi kwamba huwezi kuona uhusiano wowote na ile ya kwanza. Mpaka sasa hakuna aliyeonyesha hadharani faili mbili tofauti zenye SHA-256 moja.

Ndugu zake wa zamani, MD5 na SHA-1, hawana sifa hiyo tena. Mwaka 2004 watafiti wa China wakiongozwa na Xiaoyun Wang walionyesha maandishi mawili tofauti yenye MD5 moja. Februari 2017 Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam wakatoa faili mbili za PDF zenye maudhui tofauti na SHA-1 moja. Je, MD5 haifai kabisa? Inategemea unamkabili nani. Biti iliyogeuka kwa bahati mbaya itanaswa na MD5, na hata na CRC32, cheksamu rahisi yenye biti 32 tu, kwa sababu ajali haina hila. Binadamu mwenye nia ya kukubadilishia faili anayo. Ukianza leo, chukua SHA-256 na usahau mjadala huo.

Kuipata ni amri moja. Kwenye Linux ni sha256sum ikifuatiwa na jina la faili. Kwenye Mac ni shasum -a 256. Kwenye Windows ni certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Ukiwa na folda yenye mamia ya faili, unaelekeza majibu yote kwenye faili moja ya maandishi, nayo inakuwa daftari lako. Siku ya kuhakiki, sha256sum -c hulipitia daftari hilo mstari kwa mstari na kukuambia ipi imelingana na ipi haikulingana. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijui msemo mwingine unaoifaa mada hii vizuri zaidi.

Ukiwa na daftari hilo, angalia kama kuna mstari wowote unaoanza na e3b0c442 na kuishia na 7852b855. Hiyo ni SHA-256 ya kitu kisicho na baiti hata moja. Ukiikuta mbele ya jina la mkataba au la video ya harusi, faili hiyo ni tupu, hata kama jina lake linaonekana vizuri kwenye orodha. Kwa MD5, namba ya utupu huanza na d41d8cd9. Nimezitaja kwa sababu upakiaji uliokatika njiani mara nyingi huacha jina bila kitu ndani, na namba hizi mbili huufichua mara moja.

Lakini amri si sehemu ngumu. Linaloamua kama uhakiki wako una thamani ni wakati na mahali.

Wakati: heshi ichukuliwe kabla faili haijatoka mikononi mwako, na mapema iwezekanavyo baada ya kutengenezwa. Ukichukua heshi baada ya uharibifu, utakuwa unathibitisha uharibifu huo kwa uaminifu mkubwa miaka yote. Kuna watu hupakia kwanza, kisha hupakua nakala kutoka kwenye wingu na kuipigia heshi. Wanachokihakiki hapo ni wingu dhidi ya wingu.

Mahali: daftari la heshi likikaa folda moja na faili zenyewe, mwenye uwezo wa kubadilisha faili ana uwezo wa kubadilisha na mstari wake. Liweke kwingine, kwenye akaunti nyingine au diski ya nyumbani. Ikiwa lazima likae pamoja na data, litie saini ya kidijitali kwa ufunguo usiokuwa kwenye wingu hilo. Daftari ni dogo; heshi za faili elfu kumi hazifiki ukubwa wa picha moja ya simu.

Namba inayowapa watu hofu bure

Huduma nyingi huonyesha cheksamu kando ya kila kitu kilichohifadhiwa. Kwenye S3 huitwa ETag, na kwa faili iliyopakiwa kwa mkupuo mmoja bila usimbaji (kuifunga data isisomeke bila ufunguo) wa funguo maalumu, huwa ni MD5 ya faili hiyo. Watu hulinganisha, inalingana, wanaridhika. Kisha wanapakia faili kubwa, wanalinganisha, na haifanani hata kidogo.

Faili haijaharibika. Faili kubwa hupakiwa kwa sehemu. S3 huchukua MD5 ya kila sehemu, huziunganisha, hupiga MD5 ya huo muungano, kisha huongeza kistari na idadi ya sehemu. ETag ikiishia na -20, ujue faili ilipanda kwa sehemu 20, na namba iliyo mbele ya kistari si MD5 ya faili nzima. Mwaka 2022 Amazon waliongeza uwezo wa mteja kutuma cheksamu yake mwenyewe, ikiwemo SHA-256, pamoja na faili. Seva hupiga hesabu yake upande wa pili, na zisipolingana hukataa kupokea. Kipengele cha namna hiyo kikiwepo kwenye huduma unayotumia, kiwashe. Kinamaliza kabisa swali la kama faili ilifika salama.

Hakimalizi swali la kama imebaki salama. Cheksamu unayoonyeshwa kwenye maelezo ya faili ilikokotolewa siku ya kupakia na kuandikwa. Ukiiuliza leo, unasomewa kilichoandikwa. Hakuna diski iliyoguswa. Watoa huduma wakubwa hupitia data zao ndani kwa ndani na kurekebisha zilizoharibika kutoka kwenye nakala nyingine, na ni kazi njema. Ila wewe huioni.

Kumuuliza mtunzaji pasipo kumwamini

Kuhakiki kwa kupakua kila kitu kunawezekana kama una gigabaiti chache. Ukiwa na terabaiti 50, kupakua kunachukua siku nyingi, na huduma nyingi hutoza data inayotoka. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuiambia seva ipige heshi yenyewe na kukutumia jibu. Tatizo liko wazi ukifikiri kidogo: seva inaweza kuhifadhi heshi yenye baiti 32 na kuitupa faili. Itakujibu sahihi daima.

Njia ya kuzuia hilo ni kuuliza swali ambalo jibu lake halikuwepo kabla. Unatuma namba nasibu, seva inaitanguliza mbele ya faili na kupiga heshi ya vyote pamoja. Sasa mtunzaji hana ujanja. Lazima aisome faili nzima upya. Lakini nawe lazima ujue jibu sahihi, na faili huna tena. Kwa hiyo inabidi uandae maswali na majibu yake kabla ya kupakia, tuseme mia moja. Yakiisha, yameisha, kwa sababu swali lililokwisha kuulizwa linaweza kuwa limehifadhiwa pamoja na jibu lake.

Ralph Merkle, katika kazi yake ya mwaka 1979, alitoa muundo unaopunguza mzigo huu. Unaigawa faili kuwa vipande, unapiga heshi ya kila kipande, kisha heshi mbili mbili zinaunganishwa na kupigwa heshi tena, mpaka ibaki moja juu kabisa, ambayo huitwa mzizi. Faili ya gigabaiti 4 ikigawanywa kwa vipande vya kilobaiti 4 inatoa vipande 1,048,576. Mkononi unabaki na mzizi tu, baiti 32. Ukitaka kuhakiki kipande chochote, seva inakuletea kipande hicho na heshi 20 za njiani, baiti 640 kwa jumla, nawe unapanda nazo hadi juu uone kama unafika kwenye mzizi wako. Kipande kikiwa kimebadilishwa hata biti moja, hutafika. Maswali hayaishi, kwa sababu unachagua vipande vipya kila mara.

Mwaka 2007, kwenye mkutano mmoja wa usalama wa kompyuta, zilitoka kazi mbili zilizolipeleka suala hili mbali zaidi. Ya kwanza ni ya Giuseppe Ateniese na wenzake. Kwao, kila kipande hupewa kitambulisho kinachokokotolewa kwa ufunguo wa siri wa mwenye data, na vitambulisho hivyo vinaweza kuunganishwa. Ukiuliza kuhusu vipande 460, seva haikurudishii vipande 460. Inavichanganya kuwa jibu moja fupi, na vitambulisho vyao kuwa kimoja, nawe unaangalia kama viwili hivyo vinaoana.

Kwa nini 460? Chukulia asilimia 1 ya vipande vimeharibika. Ukiokota kimoja bila kuchagua, uwezekano wa kukosa kilichoharibika ni 0.99. Ukiokota viwili ni 0.99 mara 0.99. Endelea kuzidisha mpaka mara 460, uwezekano wa kukosa unashuka chini ya 0.01. Yaani umeunasa uharibifu kwa uhakika wa 99%. Kwa vipande 300 unafikia 95%. Na hesabu hii haijali kama faili ina vipande elfu kumi au bilioni kumi, mradi sehemu iliyoharibika ni asilimia ile ile. Nadhani hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika mada hii: kuhakiki akiba kubwa mno kwa maswali machache yasiyoongezeka.

Ila kuna shimo. Ikiwa kati ya vipande 10,000 kimeharibika kimoja tu, vipande 460 vitakinasa kwa uwezekano wa 4.6% peke yake. Na kipande kimoja kinatosha kuua hifadhidata au kuzuia faili iliyobanwa isifunguke. Hapo ndipo kazi ya pili ya mwaka huo, ya Ari Juels na Burton Kaliski, inapoingia. Kabla ya kupakia, unaongeza vipande vya ziada kwa kanuni za kurekebisha makosa, kama zile za Reed na Solomon za mwaka 1960 zinazotumika pia kwenye CD na misimbo ya QR. Tuseme vipande 10,000 vinakuwa 11,000, kwa namna kwamba vyovyote 10,000 kati yake vinatosha kurudisha faili yote. Seva ikipoteza vichache, hujapoteza kitu. Ili ikudhuru kweli inabidi ipoteze zaidi ya 1,000, na uharibifu mkubwa hivyo hunaswa kwa kuuliza vipande 50 tu, kwa uwezekano unaozidi 99%. Uharibifu mdogo unatibika, mkubwa unaonekana. Katikati hapabaki pa kujificha. Sharti ni kwamba mpangilio wa vipande ufichwe, seva isijue vipi vinasaidiana na vipi, la sivyo inaweza kulenga vile vinavyosaidiana.

Zimekuja nyongeza nyingi tangu hapo, zikiwemo za faili zinazobadilika kila siku na za kumwezesha mkaguzi wa nje kuhakiki pasipo kuona data. Mfumo wa hifadhi wa Filecoin, uliozinduliwa rasmi mwaka 2020, hudai uthibitisho wa aina hii kutoka kwa watunzaji wake kila saa 24. Kwenye huduma za wingu ambazo wengi wetu hutumia, mteja hapewi mlango wa kuuliza hivyo, na kwa maoni yangu ni jambo la kudai.

Mpaka mlango huo ufunguliwe, hesabu ya kuokota inafanya kazi hata kwa mkono. Ukiwa na daftari la heshi, pakua faili 50 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kila mwezi na uzilinganishe. Baada ya miezi 6 umefikisha 300. Kama asilimia 1 ya faili zako zimeharibika, una uwezekano wa 95% kuwa umeshakutana na mojawapo. Acha kompyuta ikuchagulie. Mtu akichagua mwenyewe hurudia zile anazozipenda, ambazo ndizo zinazofunguliwa kila siku. Wanaotumia rclone, programu ya kunakili faili kwenda na kutoka kwenye wingu, wajue kwamba amri ya rclone check, huduma ikiwa na cheksamu zake, hulinganisha na zile zilizoandikwa upande wa pili. Ni mpaka uongeze --download ndipo inasoma data yenyewe.

Kusimba si kuhakiki

Wengi huamini kwamba faili ikishasimbwa haiwezi kuchezewa. Baadhi ya njia za usimbaji huruhusu kabisa mtu asiyejua ufunguo kugeuza biti kwenye faili iliyosimbwa, na biti ile ile ikageuka kwenye faili halisi baada ya kufunguliwa. Chagua njia inayohakiki na kusimba kwa pamoja, kama AES-GCM. Hata hapo, seva inaweza kukurudishia toleo la mwezi uliopita, lililosimbwa vizuri na lenye uhakiki sahihi. Hilo hulizuii ila kwa kuweka mwenyewe kumbukumbu ya toleo la mwisho, namba yake au heshi yake.

Pia hakiki kwamba inafunguka. Faili iliyosimbwa ambayo ufunguo wake umepotea italingana na heshi yake milele. Januari 2017 kampuni ya GitLab ilifuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya, ikageukia bekapu zilizopaswa kuwa S3 na kukuta hapana kitu. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya tofauti ya matoleo, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zikikataliwa. Jaribio moja la kurejesha data lingeliona hilo kabla.

Heshi zisipolingana

Usikimbilie kulaumu wingu. Huduma nyingi za picha hubana picha upya, kwa hiyo unachopakua si ulichopakia ingawa macho hayaoni tofauti. Hati zinazoandikwa moja kwa moja mtandaoni huzalishwa upya kila unapozipakua, na mara nyingi kila nakala ina heshi yake. Kumbukumbu ya zip ikitengenezwa upya hubeba tarehe mpya ndani. Na yawezekana mwenzako aliifungua faili akaihifadhi tena.

Ukishaondoa hayo, pakua mara ya pili. Heshi ya pili ikilingana na daftari, kosa lilikuwa njiani au kwenye mashine yako, na RAM ipimwe. Heshi mbili za upakuaji zikifanana zenyewe kwa zenyewe lakini zikitofautiana na daftari, basi kilichoko kwenye wingu ndicho kilichobadilika. Zima usawazishaji wa kiotomatiki kwenye vifaa vyote kwanza, maana ndio utakaosambaza nakala mbovu juu ya zilizo nzima. Angalia matoleo ya nyuma kama huduma inayatunza, ukianzia la karibuni kurudi nyuma, ukipiga heshi ya kila moja mpaka upate linalolingana. Nakala mbovu usiifute. Ilinganishe na nzima baiti kwa baiti: biti moja iliyogeuka peke yake huelekea kwenye hitilafu ya mashine, eneo zima la sifuri huelekea kwenye upakiaji uliokatika, na mabadiliko yaliyoandikwa vizuri, yanayosomeka na kuleta maana, yanakuelekeza kwa mtu aliyeingia kwenye akaunti yako.